Wakili wa mtu aliyechukiwa na mji mzima: William Seward na kesi ya Auburn, 1846

Kwa nini kisa hiki

Wengi wanaolijua jina la William Henry Seward wanalijua kwa sababu ya Alaska. Yeye ndiye Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani aliyetia saini mkataba wa kuinunua kutoka Urusi tarehe 30 Machi 1867, kwa dola milioni 7.2. Wapo pia wanaojua kwamba alikuwa gavana, kisha seneta, na kwamba mwaka 1860 alikaribia sana kuwa rais. Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa kuliko hizo zote aliifanya katika mahakama ya mji mdogo, bila malipo, akimtetea mtu ambaye hakuna aliyetaka atetewe. Mbele ya juri, yaani raia 12 waliopewa kazi ya kuamua kesi, alishindwa.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya mawakili vijana na wanafunzi wa sheria. Nataka waone jinsi wakili anavyopaswa kufanya kazi pale anapojua kwamba watu wamekwisha kuhukumu hata kabla kesi haijatajwa. Majina ya waliouawa, ya mshtakiwa na ya mashahidi wa kawaida nimeyaondoa, kwa kuwa msiba ni wa familia zao. Majina ya viongozi na maofisa nimeyaacha, maana waliyoyatenda waliyatenda kwa niaba ya umma.

Seward kabla ya kesi

Alizaliwa tarehe 16 Mei 1801 katika kijiji cha Florida, jimbo la New York, kwenye nyumba iliyokuwa na watumwa. Ndiyo, New York: utumwa haukukomeshwa kabisa katika jimbo hilo hadi 1827. Alisoma Union College mjini Schenectady, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1822, kisha akahamia mji wa Auburn, katika jimbo hilohilo, kufanya kazi na Jaji Elijah Miller. Mwaka 1824 alimwoa Frances, binti wa jaji huyo. Mkumbuke mwanamke huyu. Katika suala la utumwa na haki za watu weusi alikuwa na msimamo mkali kuliko mumewe, na hakuuficha.

Siasa ilimchukua mapema. Alichaguliwa kuingia Seneti ya jimbo mwaka 1830, akashindwa ugavana 1834, akashinda 1838 na tena 1840. Akiwa gavana alikataa kuwakabidhi kwa serikali ya Virginia mabaharia watatu weusi walioshtakiwa kumsaidia mtumwa kutoroka. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria za New York hazimtambui mtu kuwa mali, kwa hiyo "kuiba mtumwa" si kosa. Pia alitia saini sheria iliyompa mtu aliyedaiwa kuwa mtumwa mtoro haki ya kusikilizwa na juri.

Ugavana ulimwachia madeni makubwa. Mwisho wa 1842 alirudi Auburn kutafuta riziki, na miaka iliyofuata alijijenga upya kwa kesi za hataza (haki za wagunduzi) za mitambo, zilizokuwa na malipo mazuri. Hivyo ndivyo alivyokuwa kesi yetu ilipoanza: mwanasiasa mwenye jina, wakili mwenye wateja wa maana, na mdaiwa ambaye hakuwa na nafasi ya kufanya kazi za bure.

Mshtakiwa alivyofika hapo

Auburn ulikuwa mji wa gereza. Gereza lake lilitembelewa na wageni hata kutoka Ulaya kwa sababu lilikuwa na utaratibu wake lenyewe: mchana wafungwa wanafanya kazi pamoja kwenye karakana, usiku kila mmoja katika chumba chake, na wakati wote ni kimya. Aliyezungumza alichapwa. Kazi ya mikono yao iliuzwa kwa wafanyabiashara kwa mkataba.

Mwaka 1840 kijana mmoja mweusi wa mji huo, mwenye umri wa miaka 16 hivi, alishtakiwa kuiba farasi wa mama mmoja mjane. Baba yake alikuwa mtumwa zamani, na mama yake alikuwa na damu ya Kiafrika na ya Wahindi wa Marekani. Alisema hakuiba. Alihukumiwa miaka 5, na baadaye wengi pale mjini waliamini kwamba mwizi alikuwa mtu mwingine, yuleyule aliyetoa ushahidi dhidi yake.

Ndani ya gereza alikataa kufanya kazi, akisema hana kosa. Akachapwa. Katika moja ya purukushani hizo, msimamizi alimpiga kichwani kwa ubao, na tangu hapo masikio yake yakaharibika. Alipoachiliwa Septemba 1845 alikuwa karibu kiziwi. Ndugu walioishi naye utotoni, waliomjua kuwa kijana mchangamfu na mwepesi, walimpokea mtu mwingine: hazungumzi asipoulizwa, na anatabasamu bila sababu.

Alipotoka alipewa dola 2, kama wafungwa wote. Alilalamika kwamba hiyo si haki. Kichwani mwake lilibaki jambo moja tu: amefanya kazi miaka 5 bila kosa, basi lazima mtu amlipe. Alikwenda kwa mahakimu wa mji akiomba hati ya kuwashtaki waliomfunga. Wakamwambia hakuna sheria ya namna hiyo, wakamwondoa.

Usiku wa 12 Machi 1846 na siku zilizofuata

Usiku huo aliingia katika nyumba ya mkulima wa hali nzuri kando ya ziwa Owasco, kusini mwa Auburn, akiwa na visu. Alimwua mwenye nyumba, mkewe aliyekuwa mjamzito, na mtoto wao wa miaka 2. Mama mzazi wa mke alijeruhiwa naye akafa baadaye. Mwanamume mmoja aliyekuwamo alichomwa kisu kifuani lakini akapona. Familia hii haikuwa na uhusiano wowote na kesi ya farasi. Muuaji hakuchukua mali ila farasi wa kukimbilia, na kesho yake alikamatwa kaunti ya jirani upande wa kaskazini.

Waliokwenda kumkamata walimrudisha kwanza kwenye nyumba ileile ili atambuliwe. Umati ulikuwa umekusanyika, na maofisa walitumia hila kumpitisha hadi jela akiwa hai.

Kwenye mazishi, mhubiri alisema maneno ambayo yalichapishwa na kusambazwa: lawama ni ya wale wanaowatetea wauaji kwa kisingizio cha wazimu. Kila aliyekuwapo alijua anayesemwa ni nani. Wiki chache kabla, Seward alikuwa amemtetea mfungwa wa gereza la Auburn aliyemwua mfungwa mwenzake. Hoja ilikuwa wazimu, na juri lilishindwa kukubaliana. Watu wakaamini kwamba kijana huyu alipata habari za kesi ile akaona kuua hakuna adhabu.

Seward mwenyewe alikuwa safarini. Hasira zilikuwa kubwa kiasi kwamba washirika wake wa ofisini walilazimika kuwaahidi watu kwamba hatamtetea mtu yule. Ahadi hiyo ilitolewa bila yeye kuwapo, na hakuona kwamba inamfunga.

Uamuzi wa kumtetea

Hapa tuwe waangalifu, maana hadithi hii mara nyingi husimuliwa kana kwamba Seward alipata mwako wa ghafla wa ushujaa mahakamani. Haikuwa hivyo. Kabla ya kusimama alikwenda jela akamwona mshtakiwa, na akawataka madaktari wamchunguze. Frances naye alikuwa amekwisha kushawishika kwamba mtu huyu ni mgonjwa wa akili. Kuna jaribio moja lililorudiwa mara kadhaa mbele ya mashahidi: kijana alisema anajua kusoma, akapewa kitabu, akakishika vizuri, akaanza kutamka maneno yasiyokuwamo kwenye ukurasa. Hakuwa anadanganya. Aliamini kweli anasoma.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa mzito. Baba mkwe alitaka aachane na jambo hilo. Mteja hakuwa na senti. Chama chake, Whig, kilikuwa kikikaribia uchaguzi, na mwaka huohuo wapiga kura wa New York walikuwa waamue kama mtu mweusi aendelee kutakiwa kuwa na mali ya dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo mzungu hakuwekewa. Seward alitaka sharti hilo liondolewe. Hakuna mshauri wa siasa ambaye angemwambia kwamba huu ndio mwezi wa kusimama upande wa kijana mweusi aliyeua familia ya wazungu.

Tarehe 1 Juni 1846 mshtakiwa alisomewa mashtaka mbele ya Jaji Bowen Whiting. Ilibidi apigiwe kelele ili asikie, na majibu yake mengi yalikuwa kwamba hajui. Alipoulizwa kama ana wakili, hakuelewa. Jaji akauliza nani atamtetea. Seward akasimama, akasema yeye ni wakili wa mfungwa huyu na atabaki kuwa wakili wake hadi kifo chake.

Ushirika wake ulikuwa mzuri: David Wright, wakili wa hapohapo, na Samuel Blatchford, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Upande wa mashtaka serikali haikufanya mzaha. Ilimleta Mwanasheria Mkuu wa jimbo, John Van Buren, mtoto wa rais wa zamani, msemaji hodari aliyejua kucheza na ukumbi.

Kesi mbili ndani ya kesi moja

Hatua ya kwanza ya utetezi ndiyo ninayowataka wanafunzi waisome polepole. Seward hakuanza kwa kubishana kama mshtakiwa alikuwa na akili timamu usiku wa mauaji. Alisema kwanza mahakama iamue kama mtu huyu ana akili timamu *leo*, kiasi cha kuweza kushtakiwa. Sheria ya New York ilikataza kumshitaki au kumwadhibu mtu akiwa katika hali ya wazimu. Haya ni maswali mawili tofauti. La kwanza linahusu haki ya kusikilizwa: asiyeelewa anachoshtakiwa hawezi kumwelekeza wakili wake. La pili linahusu hatia.

Jaji alikubali kuita juri la kuamua swali la kwanza. Juri hapa si kama wazee wa baraza tuliowazoea katika historia ya mahakama zetu, ambao kazi yao ilikuwa kutoa maoni na hakimu au jaji angeweza kuyaacha. Wale 12 ndio walioamua. Baada ya majuma mawili hivi ya ushahidi walirudi tarehe 6 Julai na kauli kwamba mshtakiwa ana akili ya kutosha kutofautisha jema na baya.

Hawakuulizwa hivyo. Swali lilikuwa: ana akili timamu au hana? Kauli yao ilikwepa. Seward alipinga, pingamizi likakataliwa, likaandikwa. Siku chache baadaye, tarehe 10 Julai, kesi ya mauaji yenyewe ikaanza.

Sehemu iliyobaki ni rahisi kuifupisha. Amariah Brigham, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Utica na mmoja wa wataalamu wakubwa wa fani hiyo wakati ule, alitoa ushahidi kwamba mshtakiwa ni mgonjwa. Serikali ikaleta madaktari wake waliosema la. Ndugu na majirani weusi walieleza jinsi kijana alivyobadilika, na upande wa mashtaka uliwadharau. Jaji aliamuru kwamba madaktari wasieleze waliyoyaona kwa mshtakiwa baada ya tarehe 6 Julai, kwa kuwa swali la hali yake ya sasa limekwisha kuamuliwa. Seward akapinga tena. Ikaandikwa tena.

Hotuba yake ya mwisho ilichapishwa na kusomwa mbali. Aliwaambia wajumbe wa juri kwamba yeye si wakili wa mfungwa tu, ni wakili wa jamii na wa wanadamu wote, aliyeshtushwa na anachokiona mahali pale: mwendawazimu anahukumiwa kama mhalifu. Akawaambia kwamba mtu huyu bado ni ndugu yenu na ndugu yangu, amebeba sura ya Muumba kama sisi, basi mhesabuni kuwa ni Mtu. Kumwambia mkulima mzungu wa 1846, baada ya mazishi yale, kwamba aliyekaa kizimbani ni ndugu yake! Kila ninapoisoma hotuba hiyo hapo ndipo ninaposimama kwa muda.

Tarehe 23 Julai juri lilimtia hatiani. Hukumu ilikuwa kunyongwa tarehe 18 Septemba.

Matokeo

Seward alimwomba Gavana Silas Wright amsamehe mshtakiwa. Gavana akakataa. Wakati huohuo mteja wake wa kwanza, yule mfungwa, alikuwa amekwisha kutiwa hatiani katika kesi ya marudio, na mwezi Agosti alinyongwa. Katika barua ya siku hizo Seward aliandika kwamba anainuka kutoka kwenye kazi isiyozaa kitu akiwa amechoka akili na mwili, amefunikwa na lawama za watu, na wadai wanamgongea mlango.

Alikata rufaa. Mwanzoni mwa 1847 Mahakama Kuu ya jimbo ilifuta hukumu na kuamuru kesi ianze upya. Sababu hazikutokana na hotuba. Mahakama ilisema kauli ya juri la kwanza haikujibu swali lililoulizwa, na kwamba jaji alikosea kuzuia ushahidi wa madaktari kuhusu hali ya mshtakiwa baada ya 6 Julai.

Kesi ya pili haikufanyika. Jaji Whiting, yuleyule, alikwenda kumwona mshtakiwa jela na akaona hafai kushtakiwa. Kwa miezi yote hiyo kijana alikuwa katika chumba cha jela ya kaunti, amefungwa kwa minyororo, afya ikizidi kudhoofika. Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 21 Agosti 1847. Madaktari, akiwamo Brigham, waliupasua mwili wakaukuta ubongo una ugonjwa wa muda mrefu na sikio limeharibika ndani.

Seward hakuangamia kisiasa. Hotuba iliyochapishwa ilimfikisha kwa wasomaji wa kaskazini ambao Auburn hawakuwahi kuisikia. Bunge la jimbo lilimchagua seneta, akaingia Washington Machi 1849, na mwaka uliofuata alitamka ndani ya Seneti kwamba iko sheria iliyo juu kuliko Katiba. Mwaka 1858, mjini Rochester, alisema kati ya mfumo wa utumwa na ule wa kazi huru kuna mgongano usioepukika. Maneno hayo mawili yalimpa sifa na yakamgharimu: kwenye mkutano wa chama chake kipya, Republican, wa kumchagua mgombea urais mjini Chicago, Mei 1860, aliongoza duru ya kwanza kwa kura 173 na nusu dhidi ya 102 za Abraham Lincoln, lakini wajumbe wengi walimwogopa kwa kumwona mkali mno, na katika duru ya tatu Lincoln akashinda. Seward akakubali kuwa waziri wake. Usiku Lincoln alipopigwa risasi, tarehe 14 Aprili 1865, naye alishambuliwa kitandani kwa kisu, akaponea chupuchupu, akaendelea na kazi hadi 1869. Alifia Auburn tarehe 10 Oktoba 1872.

Uchambuzi

*Kumbukumbu zilifanya kazi ambayo hotuba haikuifanya.* Ukiuliza nini kilifuta hukumu ya kifo, jibu ni pingamizi zilizoandikwa. Seward alijua kwamba juri la kaunti ile halitamwachilia mtu huyu. Kwa hiyo alikuwa anaongea na wasikilizaji wawili kwa wakati mmoja: watu 12 waliokuwa mbele yake, na majaji wa rufaa ambao hawakuwa na jirani aliyezikwa Machi. Kila uamuzi wenye kasoro aliupinga papo hapo, kwa maneno yaliyo wazi, na akahakikisha umeingia kwenye mwenendo wa kesi. Wakili kijana akiona jaji amechoka na pingamizi zake, hushawishika kunyamaza ili asimuudhi. Pingamizi usiyoiandikisha leo, mahakama ya rufaa haitaijua.

*Kutenganisha maswali mawili.* Hili ni la kwetu pia. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na cha 13 cha Tanzania, vinavyohusu utetezi wa wazimu, vina mizizi katika kanuni walizotoa majaji wa Uingereza mwaka 1843 baada ya kesi ya M'Naghten, miaka 3 tu kabla ya kesi ya Auburn. Msingi wake ni uleule: je, alijua anachokitenda, na alijua ni kibaya? Kanuni hizo zilifika kwetu kwa sheria za kikoloni za 1930. Kisha ipo njia nyingine kabisa, katika sheria za mwenendo wa mashauri ya jinai, ya kuchunguza kama mshtakiwa anaweza kujitetea wakati wa kesi. Bado huwa tunazichanganya. Juri la Auburn lilichukua kipimo cha swali la hatia likajibia swali la uwezo wa kushtakiwa, na kosa hilo ndilo lililoiangusha kesi ya serikali.

*Kipimo cha jema na baya kilikuwa chembamba mno.* Kijana huyu pengine angekuambia kwamba kuua ni kubaya. Hilo halielezi kwa nini aliamini familia asiyokuwa na ugomvi nayo inaweza kulipia miaka yake 5. Brigham alijaribu kuwaeleza kwamba akili inaweza kuugua upande mmoja huku upande mwingine ukifanya kazi. Watu wa kawaida walitaka kumwona mwendawazimu anayepiga kelele na kurarua nguo. Walimwona mtu ametulia, anatabasamu, wakasema huyo ni mjanja. Naona utetezi ungefaidika kama jaribio la kitabu lingepewa nafasi ya mbele kuliko nadharia za madaktari, maana mkulima yeyote angeweza kulipima kwa macho yake.

*Kesi ya kwanza iliiharibu ya pili.* Hakuna anayeweza kumlaumu Seward kwa kumtetea yule mfungwa. Ila kutumia hoja ileile mara mbili ndani ya miezi michache, katika kaunti moja, kuliifanya ionekane mbinu ya wakili badala ya hali ya mtu. Utetezi ulipaswa kulizungumza hilo waziwazi mapema na kuonyesha tofauti: huyu wa pili hakuuomba utetezi wa wazimu, hata hakuuelewa. Ningeanza na hilo kabla ya yote.

*Hotuba ilikuwa kubwa kuliko ukumbi.* Hapa najua wengi hawatakubaliana nami. Maneno kuhusu ndugu yenu na sura ya Muumba ni ya kweli, na yalistahili kusemwa mbele ya nchi nzima. Lakini sehemu ndefu za hotuba zililishtaki gereza, mji, na watu wanaohukumu kwa hasira, yaani wajumbe wenyewe na jirani zao. Mtu anayeambiwa kwamba jamii yake ndiyo iliyomtengeneza muuaji hujifunga. Seward alichagua kusema ukweli wote. Nadhani alichagua sawa, kwa sababu kura za juri lile hazikuwa za kupatikana kwa vyovyote, lakini ni uamuzi wenye gharama, na katika kesi ambayo bado inaweza kushindwa au kushinda ningemshauri mtu apime upya.

*Malipo.* Alifanya kazi bure, akatumia fedha zake, akiwa na madeni. Hilo liliwezekana kwa sababu kesi za hataza zilikuwa zinaleta mkate nyumbani na ofisi ilikuwa na wenzake wa kushikilia kazi nyingine. Wakili anayefanya kazi peke yake angeshindwa katikati, na kesi iliyoachwa katikati ni mbaya kuliko ile ambayo haikuchukuliwa. Ndiyo maana mpango wa serikali wa kuwapa mawakili washtakiwa wa makosa ya kifo ni wa lazima. Uhai wa mtu usitegemee kama mjini kuna gavana wa zamani mwenye moyo.

*Ushindi wa rufaa haukumfikia mteja.* Baada ya hukumu kufutwa hakuhamishiwa Utica, kwenye hospitali ambayo mkuu wake alikuwa amekula kiapo kwamba mtu huyu ni mgonjwa. Alibaki jela hadi kifua kikamwua. Kesi ilipokwisha kushinda kwenye karatasi, hakukuwa na mamlaka iliyojiona inawajibika kumtibu. Yeyote aliyemfuatilia mshtakiwa anayeshikiliwa kwa sababu ya ugonjwa wa akili katika nchi zetu anaijua hali hii: mahakama imesema apelekwe hospitali, gereza linasubiri barua, hospitali inasubiri nafasi. Wakili aliyeshinda anatakiwa kuwa na ombi la pili mkononi siku ileile, la mahali mteja atakapolala.

*Dai lililopotea.* Utetezi ulilitumia dai la ujira wa miaka 5 kama dalili ya ugonjwa: kwamba akili yake ilikuwa imenaswa na wazo moja la kudai malipo. Kama mkakati ninauelewa. Lakini dai lenyewe halikuwa la kichaa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unasema katika ibara ya 14 kwamba aliyeadhibiwa kwa hukumu ambayo baadaye imethibitika kuwa ya kimakosa alipwe fidia. Ugonjwa ulikuwa katika njia aliyoichukua, baada ya kwenda kwa mahakimu kwanza, kama raia yeyote anavyotakiwa kufanya, na kufukuzwa. Hakuna mahakama iliyowahi kulisikiliza dai hilo, wala msimamizi aliyempiga kwa ubao hakushtakiwa kwa alichokifanya.